Kuangaza kwa Maji Si Kusafika Kwake

Masika yanaposhika, mto uliokuwa ukienda taratibu hufura na kubadili rangi. Maji yake huwa kama chai iliyotiwa maziwa, na mwenye kwenda kuteka hurudi na ndoo asiyoweza kuona chini yake. Huiweka kando akitumaini kuwa maji yatatuama. Hungoja usiku kucha, na asubuhi huona mchanga umekaa chini, lakini maji yenyewe yangali na ukungu ule ule. Jirani yake, aliyeteka mahali pale pale na saa ile ile, huchukua kipande cha shabu, hukizungusha ndani ya ndoo mara chache, kisha huiacha. Haipiti saa moja au mbili ila maji yake yameangaza, hata chini ya ndoo kwaonekana, na tope lote limelala kama kitambaa kilichotandikwa.

Wengi wetu tumeliona jambo hili tangu utotoni, na kwa kulizoea hatukulistaajabia. Lakini mwenye kufikiri hana budi kuuliza. Shabu haikuutoa udongo ndani ya ndoo. Udongo wote ungalimo, haukupungua hata chembe. Basi ule ukungu umekwenda wapi? Na maji yaliyoangaza namna hii, je, yafaa kumpa mtoto akayanywa? Swali la kwanza ni la elimu, na la pili ni la uhai. Nasi twaona kuwa la pili halijibiwi vyema ila la kwanza limefahamika, kwa hivyo twawaomba wasomaji wetu watuvumilie kidogo tulieleze jambo hili tangu mwanzo wake.

UKUNGU WA MAJI NI JAMBO LA NURU

Ukitia kijiko cha sukari katika bilauri ya maji ukakoroga, sukari yatoweka na maji yabaki maangavu. Ukitia kijiko cha unga wa muhogo, maji yawa meupe mara moja. Vijiko ni sawa, lakini macho yaona tofauti kubwa. Sababu yake ni kuwa sukari imeyeyuka mpaka imekuwa vipande vidogo mno visivyoweza kuisumbua nuru. Unga haukuyeyuka, bali umetawanyika chembe chembe, na kila chembe huipokea nuru na kuirusha kando.

Mwanachuoni mashuhuri Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965 na kuandika kitabu chake kikuu cha elimu ya kuona alipokuwa Misri, alieleza kuwa jicho halitoi mwanga wa kuvitafuta vitu, bali huona kwa nuru inayolifikia kutoka kwenye vitu hivyo. Kwa msingi huo twaweza kusema hivi: maji yenye ukungu ni maji ambayo nuru haipiti ndani yake moja kwa moja. Imetawanywa njiani, na sehemu yake yarudi machoni petu ikiwa na rangi ya udongo.

Ndiyo maana hata wapimaji hupima ukungu wa maji kwa nuru. Zamani, huko Marekani, waliwasha mshumaa chini ya mrija wa kioo, wakamimina maji ndani ya mrija kidogo kidogo mpaka umbo la mwali lisionekane tena. Kimo cha maji ndicho kilichokuwa kipimo. Siku hizi chombo hupitisha mwali wa taa ndani ya maji na kupima nuru inayorushwa ubavuni. Kipimo chake huandikwa kwa herufi NTU. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri kuwa maji, kabla ya kutiwa dawa ya kuua vijidudu, yawe chini ya NTU 1 inapowezekana, na pale penye uwezo mdogo yasizidi NTU 5. Jicho la mwanadamu, kwa kawaida, halianzi kuuona ukungu mpaka ufike kiasi cha NTU 4. Tuikumbuke hesabu hii, kwani tutairudia mbele.

UDONGO NI ULE ULE, UKUNGU SI ULE ULE

Sasa na tufanye mfano. Tuchukue kijiwe kilichochongwa kama dadu, kila upande wake sentimita 1. Kina nyuso 6, na eneo la nyuso zake zote ni sentimita 6 za mraba. Tukikitia ndani ya ndoo ya maji, kitazama kwa mshindo mmoja, na maji yatabaki kama yalivyokuwa. Lakini tukikisaga mpaka kikawa vidadu ambavyo upande wa kila kimoja ni sehemu ya elfu ya milimita, tutapata vidadu milioni milioni moja, na eneo la nyuso zao likikusanywa litakuwa mita 6 za mraba, kiasi cha kutandikwa mkeka wa mita 2 kwa 3. Uzito haukuongezeka hata kidogo. Hata hivyo unga huo ukitiwa katika ndoo ile ile, maji yote yatatibuka. Kilichoongezeka ni nyuso za kuikabili nuru, si udongo.

Twapata hapa fundisho la kwanza: ukungu wa maji si mizani ya tope. Ndoo mbili zaweza kuwa na udongo wa uzito mmoja, na moja ikawa na ukungu mara nyingi kuliko ya pili, kwa kuwa udongo wa moja ni laini na wa nyingine ni mkubwa mkubwa. Mwenye kupima kwa nuru peke yake asidhani amepima uzito.

Na sasa tugeuze mfano. Ikiwa kusaga kwaleta ukungu, basi kukusanya kwauondoa. Chembe 1,000 zikishikana zikawa donge moja, upana wa donge hilo utakuwa mara 10 ya upana wa chembe moja, na kivuli chake kitakuwa sehemu moja tu ya kumi ya vivuli vya zile chembe 1,000 zilipokuwa mbalimbali. Nuru yapata nafasi ya kupita hata kabla donge halijazama. Mambo halisi hayafuati hesabu hii sawasawa, kwani madonge ya tope ni mepesi, yana maji katikati yake kama sifongo; lakini njia ni hiyo hiyo.

Faida ya pili ya kushikana ni mwendo wa kuzama. Mtaalamu wa Cambridge, George Gabriel Stokes, alieleza mwaka 1851 kuwa chembe inayozama majini huenda kwa kadiri ya upana wake ukizidishwa kwa wenyewe. Chembe yenye upana mara 10 huzama kwa kasi mara 100. Tukihesabu kwa ndoo yenye maji ya kimo cha sentimita 30, punje ya mchanga yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita hufika chini kwa kiasi cha nusu dakika. Chembe ya udongo yenye upana wa sehemu ya elfu ya milimita hukaribia siku 4. Na chembe iliyo ndogo mara 10 kuliko hiyo ingehitaji zaidi ya mwaka, lau ingeachwa itue. Wala haiachwi, kwa kuwa maji yenyewe hayatulii. Mwaka 1827 Robert Brown, mjuzi wa mimea, aliona kwa hadubini chembe ndogo zikitikisika majini bila ya kukoma. Na baadaye ikajulikana kuwa ni viini vya maji vinavyozipiga kutoka kila upande.

Basi yule aliyengoja usiku kucha hakukosa subira. Alingoja kitu ambacho usiku mmoja hauwezi kukileta.

KWA NINI CHEMBE HAZISHIKANI ZENYEWE?

Huenda msomaji akauliza: ikiwa chembe hizi zatikisika na kugongana mchana na usiku, mbona hazishikani zikawa madonge? Jawabu ni kuwa zimezuiliwa. Chembe za udongo zikiwa majini huwa na umeme juu ya nyuso zao, na umeme huo kwa kawaida ni wa namna moja, ule uitwao hasi. Na vitu viwili vyenye umeme wa namna moja husukumana. Kila chembe ikiikaribia mwenziwe hurudishwa nyuma kabla hazijagusana. Zaishi jirani maisha yao yote na hazipatani.

Kizuizi hicho kikiondolewa, mambo hugeuka. Mfano wake tunao jikoni. Maziwa ni meupe kwa sababu ndani yake mna vibonge vidogo vya protini na mafuta vinavyoitawanya nuru, na vile vya protini vina umeme huo huo hasi unaovitenga. Mama akikamua ndimu ndani ya maziwa, ukali wa ndimu huuvunja umeme wa vile vya protini, vikakimbiliana na kushikana, maziwa yakaganda mapande mapande. Na maji yanayobaki pembeni huwa ya manjano hafifu, yenye kupitisha nuru. Maziwa hayakupungua. Yalikuwa yametawanyika, sasa yamekusanyika.

Mfano mkubwa zaidi tunao pwani. Wakati wa mvua mto Sabaki huteremka na udongo mwekundu kutoka bara na kuutapanya katika ghuba ya Malindi, hata bahari ikawa na rangi ya kahawia. Maji ya mto yanapokutana na maji ya chumvi, chumvi huudhoofisha ule umeme, chembe hushikana, na tope huanza kuzama mahali ambapo mto peke yake usingeweza kulizamisha. Hivyo ndivyo yanavyosaidiwa kujengwa matope laini ya midomo ya mito, ambamo mikoko huota, kama tuonavyo katika delta ya Rufiji.

Lakini bahari hutumia chumvi nyingi, na shabu hutumika kidogo tu. Sababu yake ilitafutwa na Hans Schulze mwaka 1882, kisha na William Bate Hardy wa Uingereza mwaka 1900. Waliona kuwa nguvu ya kitu cha kugandisha yategemea wingi wa umeme ulio katika kila kiini chake. Kiini cha sodiamu kilichomo katika chumvi ya chakula kina umeme chanya wa daraja moja. Cha kalisi kina daraja mbili. Na cha alumini, ambayo ndiyo asili ya shabu, kina daraja tatu. Nguvu haiongezeki kwa moja, mbili, tatu, bali hupanda kwa kasi kubwa: kalisi yashinda sodiamu kwa makumi, na alumini kwa mamia. Na shabu ina kazi ya pili. Ikiingia majini hufanya ute mwepesi kama utando wa buibui, nao ushukapo hukokota chembe zilizosalia, kama wavu unavyokokota dagaa.

MTI WA MTO NILI

Si shabu peke yake iwezayo kazi hii. Mto Nili wa Bluu, uteremkao kutoka milima ya Uhabeshi, kwa karne nyingi umeifikia Sudan katika miezi ya mafuriko ukiwa umejaa udongo. Wanawake wa vijiji vya kandokando yake waliona mbegu za mti mmoja zikipondwa na kutiwa ndani ya mitungi, maji huangaza. Kwa Kiarabu cha huko mti huo wauita mti wa rauwaq, yaani wenye kutakasa. Ndio mlonge, ambao wengine kwetu huuita mzunze. Mtaalamu Samia al-Azharia Jahn, aliyefanya kazi Sudan, aliichunguza ada hiyo kwa miaka, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1981. Na mwaka 1995 watafiti katika Chuo Kikuu cha Sherbrooke, Kanada, walionyesha kuwa kitendacho kazi ndani ya mbegu ni protini zenye umeme chanya, zinazozivuta chembe za udongo zenye umeme hasi. Walichokijua akina mama wale kwa uzoefu, vyombo vya maabara vilikuja kukishuhudia.

Kuna mambo mawili ambayo mwenye kutumia shabu au mlonge yampasa kuyajua, asije akakata tamaa au akapita kiasi.

La kwanza ni kuwa pengine maji huonekana kuzidi ukungu katika dakika za mwanzo. Chembe zilizo ndogo mno kuliko mawimbi ya nuru huitawanya nuru kidogo tu; zikianza kushikana, hufika ukubwa ule unaoisumbua nuru kuliko ukubwa wote, nao ni kiasi cha nusu ya sehemu ya elfu ya milimita. Wakipita hapo, ukungu huanza kupungua. Basi mwenye kuona maji yamezidi weupe baada ya kutia dawa asiyamwage. Kazi imeanza.

La pili ni kipimo. Dawa ikiwa chache, umeme hasi haukuvunjika na chembe hazishikani. Dawa ikiwa nyingi kupita kiasi, chembe zaweza kuvikwa umeme chanya zote pamoja, na zikarudi kusukumana kama mwanzo. Mtu hutia shabu, akaona ukungu haukuondoka, akaongeza tena na tena, na kila akiongeza hujiharibia. Ndiyo sababu katika mitambo ya maji ya miji wapimaji huweka vyombo kadhaa vyenye maji ya siku hiyo, hutia katika kila kimoja kiasi tofauti cha dawa, na kuangalia kipi kimeangaza vizuri. Jambo hili hata nyumbani laweza kufanywa kwa bilauri tatu au nne.

MACHO HAYATOSHI

Tumefika sasa kwenye swali la pili, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Maji yameangaza, je, yamesafika?

Jawabu letu ni: yamekaribia, lakini hayajafika. Vijidudu vingi vya maradhi ya tumbo ni vidogo kama chembe za udongo, na vingi vina umeme hasi kama zenyewe, kwa hivyo tope likishikana na kuzama huvichukua vingi pamoja nalo. Hii ni faida kubwa. Lakini vijidudu si kama mchanga. Wachache wanaobaki wana uhai, na mbegu za mlonge huacha majini chakula chao. Maji hayo yakiwekwa zaidi ya siku moja, waliobaki huzaana. Kunywa maji kwa kuwa yaangaza tu ni kulitegemea jicho katika jambo ambalo jicho halina uwezo nalo.

Kwa upande mwingine, mwenye kutia dawa ya kuua vijidudu katika maji ya tope naye hupungukiwa. Klorini hutumika kupigana na uchafu ulio ndani ya udongo kabla ya kuvifikia vijidudu, na vijidudu hujificha ndani ya madonge kama adui nyuma ya ngome. Kila njia yamhitaji mwenziwe.

Jambo hili lilijaribiwa magharibi mwa Kenya, katika vijiji ambavyo maji yake ni ya matope, na khabari zake zikatangazwa mwaka 2005 katika jarida la matabibu wa Uingereza. Maboma 605 yaligawanywa mafungu matatu kwa muda wa wiki 20. Fungu moja lilipewa unga wenye dawa ya kugandisha tope pamoja na klorini. La pili klorini peke yake. La tatu liliendelea na desturi yake. Maji ya kunywa ya fungu la kwanza yalikuwa na ukungu wa NTU 8 kwa wastani, na ya mafungu mengine NTU 55. Kijidudu kinachotumiwa kuwa dalili ya kinyesi hakikuonekana katika sampuli 82 kwa kila 100 za fungu la kwanza, 78 za fungu la pili, na 14 tu za fungu lililoachwa na desturi yake. Na watoto wa chini ya miaka 2 katika fungu la kwanza walipungukiwa na kuharisha kwa kiasi cha robo.

Robo huenda ikaonekana ndogo kwa asiyepata kukesha na mtoto mwenye kuharisha. Kwa mwaka mmoja, maradhi ya kuharisha huua duniani zaidi ya watoto 400,000 walio chini ya miaka mitano, kwa makadirio ya Shirika la Afya Ulimwenguni. Mzazi anayeijua hesabu hiyo haidharau robo.

Wala tusidhani kuwa hili ni jambo la vijiji maskini tu. Katika mji wa Milwaukee, Marekani, wenye mitambo mikubwa na mabomba kila nyumba, mwishoni mwa Machi 1993 kazi ya kugandisha na kuchuja maji ililegea katika mtambo mmoja. Ukungu ulipanda hadi NTU 1.7. Kumbuka tulivyosema: jicho halianzi kuuona mpaka kiasi cha NTU 4. Watu walijaza bilauri zao maji waliyoyaona maangavu. Kumbe ndani yake mlikuwa na kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu, ambacho kina ganda gumu na hakifi kwa klorini ya kawaida. Kinga yake ilikuwa ni kushikana na tope na kuchujwa, na kinga hiyo ndiyo iliyolegea. Watu wapatao 403,000 walikadiriwa kuugua.

MAJI YA TWAHARA NA MAJI YA KUNYWA

Hapa twapenda kuondoa mchanganyiko ambao husikika katika baadhi ya majumba. Wako wanaoyaonea shaka maji ya mto kwa udhu kwa sababu yana rangi ya tope. Na wako wanaosema kuwa maji yafaayo kwa udhu yafaa pia kwa kunywa bila ya kuulizwa. Wote wawili wamekosea.

Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii wamekwisha kueleza kuwa maji yaliyobadilika kwa udongo wa mahali yanapokaa au yanapopita hayakutoka katika twahara yake. Tope halinajisi maji. Mwenye kutawadha kwa maji ya Sabaki wakati wa masika udhu wake ni sahihi. Lakini wanachuoni hao hao wamesema pia kuwa maji machache, yasiyofika kulateni, yakiingiwa na najisi yamenajisika, hata kama rangi yake, harufu yake na ladha yake hazikubadilika. Tazama basi: maji yenye rangi yaweza kuwa twahiri, na maji maangavu yaweza kuwa najisi. Sheria haikuliachia jicho peke yake kuhukumu, na elimu ya afya nayo imefika pale pale kwa njia yake.

Tena twahara ni hukumu moja na usalama wa tumbo ni hukumu nyingine. Maji ya twahara yaliyobeba maradhi yaweza kumwua mtoto, na kuilinda nafsi ni wajibu katika dini yetu. Yule ayapimaye maji yake ya udhu kwa uangalifu asiyapime ya kunywa kwa kubahatisha.

MPANGO WA NYUMBANI

Kwa faida ya wasomaji wetu, khasa akina mama ambao ndio walinzi wa mtungi, twaufupisha mpango mzima.

Kwanza, maji yaachwe kwa saa chache ili mchanga uzame, kisha yamiminwe polepole katika chombo kingine kupitia kitambaa safi, na mchanga uachwe nyuma.

Pili, itiwe dawa ya kugandisha. Shabu iliyosagwa isizidi kiasi cha robo ya kijiko kidogo kwa ndoo ya lita 20, na mara nyingi chini ya hapo hutosha. Ajaribu kwanza katika bilauri. Mwenye mlonge achukue mbegu zilizokomaa na kukauka, azimenye, azitwange, achukue kiasi cha gramu 2 za unga kwa ndoo hiyo, na maji yakiwa na tope zito sana gramu 4. Aukoroge unga katika kikombe cha maji masafi, auchuje kwa kitambaa, na ile tui yake ndiyo aitie katika ndoo. Atumie mbegu tu, asitumie mizizi.

Tatu, akoroge kwa nguvu dakika moja, ili dawa ifike kila mahali. Kisha akoroge polepole sana dakika 5 hadi 10. Wengi hukosea hapa. Mkorogo wa nguvu huzikutanisha chembe na dawa, lakini ukiendelea huyavunja madonge yaliyokwisha kufanyika. Mkorogo wa polepole huyaacha yakue.

Nne, ndoo ifunikwe na iachwe bila ya kuguswa saa moja au mbili. Maji ya juu yatekwe bila ya kulitibua tope la chini.

Tano, na hili lisiachwe kwa udhuru wowote: maji yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Na maji yaliyotiwa mlonge yatumike siku hiyo hiyo.

Sita, yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kuvifunika vyombo vyetu, na mtungi uliofunikwa, wenye kata yake mahsusi isiyotiwa mkono, ni nusu ya dawa.

Ndugu wasomaji, maji ya masika yatakuja tena na rangi yake. Yatakapokuja, tusiyakimbie kwa ajili ya tope lake, wala tusiyaamini kwa ajili ya kuangaza kwake. Tuyatulize kwa kipimo, tuyachemshe, tuyafunike. Ndipo tumpe mtoto bilauri yake, naye aseme Bismillahi anywe. Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.